Pampu ya mkono wa pili haina resi? Usikimbilie kufungua injini

Wiki hizi simu nyingi ninazopokea si za wadudu wala mbolea, ni za pampu. Kiangazi kimekolea, mto umeshuka, nyanya ziko kwenye maua, na pampu ya petroli ambayo mtu kainunua kwa mkono wa pili inaunguruma tu bila nguvu. Swali ni lile lile: "Bwana shamba, si ringi hizi?"

Inawezekana. Ila kwangu mimi ringi ni za kushukiwa mwisho. Fundi anayefungua silinda kabla hajafungua chujio la hewa anatafuta hela, hatafuti ugonjwa. Najua mafundi wengine wanasoma hapa, tutasameheana.

Kwanza tuelewane kwa nini resi ni jambo kubwa. Hizi pampu ndogo za inchi mbili na inchi tatu, nyingi zimetengenezwa zizunguke karibu mara 3,600 kwa dakika. Zikishuka hadi 2,700 unaona umepoteza robo tu. Wingi wa maji kweli hupungua kama hivyo, lakini uwezo wa kuyapandisha juu hupungua kwa mraba wa mizunguko. Pampu iliyoandikwa mita 30 inabaki na mita 17 hivi. Kama shamba lako liko mita 18 juu ya mto, petroli inaisha na huko juu halifiki hata tone. Na nyanya ikipata maji leo, ikakosa siku tatu, ikapata tena, tunda linaoza kitako. Hilo hakuna dawa ya kupuliza italirudisha.

Sasa basi, kabla ya spana yoyote, fanya hivi. Jaza maji kwenye pampu (usiiwashe kavu, sili itaungua), washa, acha ivute mpaka imwage vizuri. Halafu funga koki ya bomba la kutolea, au kunja mpira, kwa nusu dakika tu. Pampu za aina hii maji yakizuiwa mzigo unapungua. Resi zikipanda na sauti ikachangamka, injini inazunguka vizuri ila inashindwa na mzigo. Zikibaki chini vile vile, kuna kitu kinaishika injini yenyewe: choki haijarudi yote, waya wa resi umelegea, mkono wa gavana umekwama kwa vumbi na oili. Hayo unayaona kwa macho.

Kama inashindwa na mzigo, zima kwanza uangalie ndani ya pampu. Nyasi, kipande cha kamba au kokoto vinaweza kuifanya injini nzima ionekane mbovu. Pakiwa safi, nenda kwenye hewa. Toa chujio, washa kwa sekunde chache mahali pasipo na vumbi. Resi zikipanda, ugonjwa umeupata. Sponji inafuliwa kwa maji ya sabuni, inakauka, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi likiwa jeusi nunua jipya, usibishane nalo.

Kwenye mafuta ndiko pampu za mkono wa pili zinakoumwa zaidi, kwa sababu nyingi zimelala stoo na petroli ndani ya kabureta, nayo ikakauka ikawa gundi. Ikiwa inafanya kazi, vuta choki nusu. Ikipata nguvu, ina njaa ya petroli: tundu la jeti limeziba, au chujio la kwenye koki ya tenki limejaa uchafu. Ikizidi kudhoofika na kutoa moshi mweusi, basi petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Na ile inayoanza vizuri ikachoka baada ya dakika kadhaa, legeza mfuniko wa tenki. Ikifufuka, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Jeti ioshwe kwa petroli safi na kupulizwa kwa upepo. Ukichokonoa kwa sindano unapanua tundu, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili.

Plagi itazame rangi: kahawia ni nzuri, masizi makavu ni petroli nyingi, ikiloa oili ndipo tuanze kuongea habari za ringi. Moshi wa bluu, oili inayopungua kila siku na kamba inayovutika kirahisi kama haina kitu, vyote vikiwa pamoja, hapo mpe fundi kazi yake. Hata hivyo mwambie apime kwanza nafasi ya valvu na kuangalia kama ekzosi haijajaa masizi.

Kitu kimoja nakipinga kabisa: kukaza skrubu ya gavana ili "kuongeza resi". Gavana haitengenezi nguvu, inaweka mpaka tu. Injini dhaifu ukiiongezea mpaka haitapanda chini ya mzigo, lakini siku maji yakikatika kwenye bomba la kuvutia itapaa kupita kiasi, na mkono wa pistoni ukivunjika hutoboa bloku. Hapo huna pampu tena, una chuma chakavu.

Wenzangu wa Njombe na Makete, nyie mna la ziada. Injini hizi hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 1,900 karibu moja ya tano imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha yote. Hata kina cha kuvuta maji kinapungua kama mita mbili ukilinganisha na pwani. Kwa hiyo pampu iliyokuwa inatosha Ruvu inaweza kuonekana imechoka kwenu ilhali ni nzima. Isogeze karibu na maji, au nunua yenye nguvu zaidi tangu mwanzo.

Na kwa anayekwenda kununua wiki hii: shika injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji kaiandaa, ngoja ipoe. Halafu dai iwashwe ikiwa na maji, kwenye ndoo au pipa, kwa robo saa. Akikwambia dukani kwake hakuna maji, nenda duka la jirani.