Mbwa wanne, sufuria moja: wale kwa saa yao, mbali na watoto

Goma – Jua likielekea kuzama, katika parseli nyingi za mji huu sufuria ya bugali inateremshwa kutoka kwenye makala, na hapo hapo mbwa wanainuka. Watoto wanakaa kwenye mkeka kuzunguka sinia, mbwa wanasimama nyuma yao. Kila tonge linalokwenda mdomoni linafuatwa na macho mengi. Wakubwa wanaona na kucheka. Lakini ni saa hiyo watoto wanang'atwa, na hatari hiyo inaweza kupunguzwa sana bila kungoja msaada wa shirika lolote.

Nyumba moja ya mtaa wa Ndosho ni mfano mzuri. Mama mwenye nyumba alikuwa na mbwa wawili wa ulinzi, kama wakaaji wengi wanaoogopa wezi wa usiku. Mwaka 2024 dada yake mdogo alikimbia vita upande wa Masisi, akapita Sake na watoto wake watano, na mbwa wao akawafuata njia nzima. Baadaye majirani walihama wakaacha mbwa wao nyuma. Huyo naye akaingia pale alipoona moshi wa jiko. Ndivyo nyumba ya watu 11 ilivyojikuta na mbwa wanne, bila mtu yeyote kupanga.

Mwanzoni mbwa hao hawakuwa na saa wala sahani. Ukoko wa bugali, mchuzi wa maharagi uliobaki na vichwa vya sambaza vilimwagwa chini, karibu na mlango wa jikoni. Mbwa mwenye nguvu alikula karibu vyote. Wengine waligombana, wakishindwa wakarudi kwa watoto. Jioni moja msichana wa miaka mitano alikuwa amesimama na tonge mkononi. Mbwa akaruka kuchukua tonge, akachukua na kidole.

Baba wa nyumba alikasirika. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mbwa wa wageni auawe au aondoke. Mgeni akamwambia dada yake: "Yaya, leo munafukuza mbwa. Kesho itakuwa sisi." Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Asubuhi msichana mwenyewe alipoulizwa, alionyesha kwa kidole mbwa wa pili wa ulinzi, aliyezaliwa hapo hapo Ndosho. Mbwa wa Masisi hakuwa na kosa. Alishutumiwa kwa sababu alikuja na wageni.

Familia zinazopokea wageni na familia zilizokimbia makwao zinajua vizuri jambo kama hilo. Kitu kikiharibika nyumbani, macho yanamwendea aliyefika jana. Lakini katika habari hii mbwa wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne walikuwa na tatizo moja: walikuwa wanashindania chakula kidogo, mahali pamoja na watoto. Kumfukuza mmoja kusingeondoa tatizo. Wangebaki watatu wenye njaa ile ile.

Dada wale wawili walikaa wakakubaliana. Kwanza wanakula watu. Wakati huo mbwa wote wako nyuma ya uzio wa mbao, na mtoto haruhusiwi kutembea na chakula mkononi. Mkeka ukikunjwa na watoto wakinawa mikono, mtu mzima ndiye anapeleka chakula cha mbwa. Vyombo ni vinne, vimekatwa kwenye bidoni za zamani, na kila kimoja kina kona yake. Mbwa mkali anapewa mbali na wengine. Mbwa wa Masisi anapewa karibu na mlango wa parseli, na mwenyewe aliyemleta. Wakati mbwa anakula, hakuna mtoto anayemkaribia, kumshika wala kumnyang'anya chombo. Baada ya robo saa vyombo vinaondolewa, panya wasije na mbwa wasipigane usiku. Maji tu yanabaki.

Chakula chenyewe si cha ajabu. Ni pumba ya mahindi iliyopikwa, ukoko, na vichwa vya sambaza vikipatikana. Mifupa ya kuku iliyopikwa inawekwa pembeni, kwa sababu inavunjika kama miiba na inaweza kumtoboa mbwa tumbo. Vitunguu pia si vizuri kwake. Wiki chache zilipopita, mbwa walianza kwenda wenyewe kwenye kona zao wakisikia sinia linaoshwa. Kelele za jioni zimepungua.

Kuna watakaosema: watu wana njaa, na nyinyi munapanga sahani za mbwa? Swali hilo ni la haki. Kuna nyumba Goma ambamo sufuria inapanda motoni mara moja kwa siku. Lakini utaratibu huu haumwondolei mtoto hata tonge moja, unamweka wa kwanza. Mbwa anapata yale yale yaliyokuwa yakimwagwa chini. Naye mbwa asiyepewa hatangoja kwa adabu. Atatafuta, na mkono wa mtoto ndio ulio karibu na mdomo wake. Tena, mwenye uwezo wa kulisha mbwa wawili asifuge wanne, na asitupe watoto wa mbwa barabarani. Hao ndio wanarudi kama kundi.

Jambo linalofanya habari hii isiwe ya kuchekesha ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi mjini wanauita raje. Unapita katika mate ya mnyama mgonjwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waling'atwa na mbwa. Watoto chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaong'atwa.

Msichana wa Ndosho alioshwa kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, akapelekwa kituo cha afya jioni ile ile. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jiwe jeusi, pilipili au mafuta juu ya kidonda si matibabu. Mbwa aliyeng'ata asiuawe haraka kwa hasira. Akiweza kufungwa salama, aangaliwe siku 10, kwa sababu hali yake inamsaidia muganga. Lakini mtu asikae nyumbani kungoja siku hizo ziishe. Muganga ndiye anaamua juu ya sindano, na sindano inafaa kabla ya dalili. Mbwa aliyesikia harufu ya chakula anaweza kung'ata akiwa mzima kabisa, ila kwa macho tu hakuna anayeweza kuapa kwamba ni mzima.

Kwa hiyo kazi haiishii mlangoni. Nyumbakumi na washefu wa avenyu wanajua kila parseli ina watu wangapi. Wahesabu pia mbwa, wale wa wenyeji na wale waliofuata wageni, na waombe wahudumu wa mifugo wapange siku moja ya chanjo kwa avenyu nzima. Mbwa wa mkimbizi asiachwe nje ya hesabu hiyo kwa sababu mwenyewe hana karatasi wala pesa. Mbwa mmoja asiyechanjwa ni hatari kwa watoto wa mwenye parseli sawa na wa mgeni.

Lakini kabla ya chanjo kufika, kuna leo jioni. Wenye nyumba na wageni wao wakubaliane nani anapeleka chakula cha mbwa, saa gani na kona gani. Kule Ndosho kidole kimepona, kimebaki na kovu dogo. Mbwa ni wanne bado, na dada mdogo angali anaishi pale.