Mtoto anakula lakini hanenepi? Huenda tatizo ni bakteria wa tumboni

Mtoto akidhoofu wakati wenzake wa rika lake wananawiri, maneno huwa mengi mtaani. Wapo wanaosema mama hajui kulisha. Wengine hunong'ona kuwa wazazi 'wamembemenda' mtoto kwa kukutana kimwili kabla hajaacha kunyonya. Mara nyingi lawama humwangukia mama.

Utafiti wa miaka zaidi ya 20 wa Profesa Jeffrey Gordon, daktari na mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, unaonyesha kuwa jibu linaweza kuwa ndani ya utumbo wa mtoto mwenyewe, kwa viumbe ambavyo macho hayawezi kuviona.

Wageni wenye kazi

Inakadiriwa kuwa mwili wa mtu mzima una bakteria takriban trilioni 38, na wengi wao wanaishi kwenye utumbo mpana. Wengi si maadui. Wanasaga nyuzinyuzi za chakula ambazo tumbo haliwezi kuzisaga lenyewe, wanatengeneza baadhi ya vitamini na wanaifundisha kinga ya mwili kutofautisha rafiki na adui.

Mwaka 2004, Gordon na wenzake walitumia panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja mwilini. Panya hao walipowekewa bakteria wa tumboni kutoka kwa panya wa kawaida, mafuta ya mwili yao yaliongezeka kwa takriban asilimia 60 ndani ya wiki mbili, ingawa hawakula zaidi ya awali. Ikawa wazi kwamba kiasi cha chakula kinachoingia mdomoni hakitoshi kueleza uzito wa mwili. Kinachofanywa na bakteria baada ya hapo nacho kina uzito wake.

Mapacha wa Malawi

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi: je, bakteria hao wana mchango gani katika utapiamlo?

Nchini Malawi, watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha hadi walipofikisha umri wa miaka mitatu. Mapacha walifaa kwa kazi hiyo kwa sababu wana mama mmoja, wanaishi nyumba moja na wanakula chungu kimoja. Hata hivyo, katika asilimia 43 ya jozi hizo, pacha mmoja alipata utapiamlo huku mwenzake akibaki salama.

Watafiti walichukua bakteria kutoka kwenye vinyesi vya baadhi ya mapacha hao, mmoja mwenye kwashakoo na mwenzake mwenye afya, wakawaweka kwenye panya wasio na bakteria. Panya wote walipewa chakula kinachofanana na kile cha watoto wa Malawi, chenye unga wa mahindi na mboga. Baadhi ya waliopewa bakteria wa mtoto mgonjwa walikonda vibaya, ilhali waliopewa bakteria wa mwenzake hawakukonda hivyo.

Matokeo hayo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakusema kuwa chakula hakina maana. Yalionyesha kuwa chakula duni kikikutana na bakteria wasiofaa, madhara huwa makubwa zaidi. Kwa mama aliyezoea kunyooshewa kidole, hilo si jambo dogo.

Umri wa tumbo

Kazi ikahamia Mirpur, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Dhaka, Bangladesh, ambako Gordon anashirikiana na Dk Tahmeed Ahmed. Huko waligundua kuwa bakteria wa tumboni nao hukua. Wa mtoto wa miezi mitatu si wale wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Kwa watoto wenye utapiamlo, ukuaji huo umechelewa: mtoto ana miezi 18, lakini tumbo lake linafanana na la mtoto mdogo zaidi. Chakula dawa kinachotolewa hospitali kiliokoa maisha yao, ila bakteria walikomaa kwa muda tu, kisha wakarudi nyuma.

Ndipo wakatafuta vyakula vinavyowalisha bakteria waliochelewa kukua. Mchanganyiko uliofanya vizuri ulikuwa na dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, vitu ambavyo hata katika masoko yetu si vigeni.

Mwaka 2021 walichapisha majaribio yaliyohusisha watoto 118 wa miezi 12 hadi 18 wenye utapiamlo wa wastani. Nusu walipewa mchanganyiko huo na nusu chakula cha nyongeza kilichozoeleka, kwa miezi mitatu. Waliopewa mchanganyiko mpya waliongezeka uzito vizuri zaidi, ingawa chakula chao kilikuwa na nishati kidogo kuliko cha wenzao. Damu yao pia ilionyesha ongezeko la protini zinazohusika na ukuaji wa mifupa na ubongo.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, usikimbilie kusaga dengu na ndizi mbichi nyumbani ili kumtibu mtoto aliyedhoofu. Mchanganyiko wa watafiti ulipimwa kwa uangalifu. Karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yanaweza kuwa na sumukuvu, hatari kwa mtoto.

Pili, mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Maziwa hayo yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha bakteria wazuri wa tumboni mwake. Baada ya hapo mwanzishie vyakula mchanganyiko huku ukiendelea kumnyonyesha. Uji mtupu wa mahindi kila siku hautoshi.

Tatu, usimpe mtoto antibayotiki ulizonunua dukani bila kupima kwa kuwa anaharisha au ana mafua. Dawa hizo huua bakteria wabaya na wazuri kwa pamoja. Daktari akiziandika, maliza dozi.

Nne, mpeleke kliniki kila mwezi apimwe uzito. Ukiona miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, au mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano uko chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Mwahishe hospitali siku hiyo hiyo.

Na kwa baba, mama mkwe na majirani: mtoto akidhoofu, acheni kumsuta mama. Msaidieni nauli ya kufika kliniki.