"Picha bomba!" si maoni

Wadau, juzi nimemponza rafiki yangu. Ni mwalimu, siku za mapumziko hupiga picha za mandhari. Alinionyesha Kibo alivyoipiga kutoka Moshi, nikamwambia "bomba, kaka!" nikaendelea na chai yangu.

Kasoro nilikuwa nimeziona. Picha imeinama, migomba yote imelalia kushoto. Halafu ameipiga jua la utosi, mwanga umezidi, theluji imekuwa doa jeupe tupu. Yeye akaichapisha kubwa kwa mshahara wake, akaipeleka hotelini kuuza. Wakaikataa kwa sababu hizo hizo mbili.

"Ina maana wewe uliona?" aliniuliza. Nikakosa jibu.

Tunajiita waungwana, kumbe ni uvivu na woga. Mimi mwenyewe mhariri wangu wa picha aliwahi kuniambia, "Kijana, bahari yako inamwagika." Nilinuna siku mbili (kweli!), ila tangu hapo nanyoosha mstari wa maji kabla ya kubonyeza.

Jumamosi tunarudi Moshi, alfajiri kabla mawingu hayajaufunika mlima. Ameniambia na mimi nije na picha zangu. Tumbo linaniuma tayari.