Jinsi Simu ya Waya Ilivyoanza

Mwezi wa Februari, mwaka 1825, Samuel Morse, mchoraji wa Kimarekani, alikuwa Washington akichora sura ya Jemadari Lafayette wa Ufaransa. Mkewe, Lucretia, alikuwa amebaki nyumbani New Haven, umbali wa maili 300 hivi, naye alikuwa amejifungua mtoto wao wa tatu majuma machache tu yaliyopita. Tarehe 7 mke huyo akafariki kwa ghafula. Baba yake Morse akaandika barua upesi, lakini siku zile barua ilikwenda kwa mwendo wa farasi. Hata ilipomfikia Morse, naye akafunga safari kwa haraka, alikuta mkewe amekwisha kuzikwa.

Mwaka 1832 Morse alikuwa katika meli Sully, akirudi kwao kutoka Ulaya. Abiria mmoja akaeleza kuwa umeme hupita katika waya mrefu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Basi Morse akawaza: ikiwa ni hivyo, kwa nini umeme usichukue maneno?

Njia aliyoibuni ni hii. Mtu wa upande mmoja hubonyeza kitufe, umeme ukapita. Upande wa pili sumaku huvuta kipande cha chuma, nacho hutia alama katika karatasi. Kubonyeza kidogo ni nukta, kubonyeza zaidi ni mstari. Nukta moja na mstari mmoja ni herufi A.

Uingereza nako, Cooke na Wheatstone walipata hati ya simu yao mwaka 1837. Morse alihangaika miaka mingi katika ufukara, mpaka mwaka 1843 Bunge la Marekani lilipompa dola 30,000. Tarehe 24 Mei, 1844, maneno machache kutoka Kitabu cha Hesabu katika Biblia yalipelekwa kutoka Washington, yakasomwa papo hapo Baltimore, maili 40 hivi.

Tangu kale, isipokuwa kwa ngoma, moshi na ishara kama hizo, habari haikuweza kumtangulia mchukuzi wake. Sasa iliweza. Mwaka 1861 nyaya zilipounganisha mashariki na magharibi ya Marekani, kazi ya wapanda farasi mashuhuri waliopeleka barua huko ilikoma siku 2 tu baadaye. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na habari za Ulaya hazikungoja meli tena. Neno simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya.

Lakini simu haikuleta furaha tu. Kwa miaka mingi, katika Afrika ya Mashariki, mtu alipomwona tarishi wa posta amesimama mlangoni na simu mkononi, moyo ulimruka, kwa kuwa mara nyingi ilikuwa habari ya msiba. Hata hivyo, aliyekuwa mbali alijua mapema, akaondoka upesi, na pengine akawahi maziko. Hilo ndilo Morse alilolikosa mwaka 1825.