Gharama ya Sikio Moja



Katika darasa letu la nne alikuwapo binti mmoja aliyeketi daima kwenye benchi la mwisho, karibu na dirisha. Tulipomwuliza swali alinyamaza. Tulipolirudia alitutazama midomo, kisha akajibu neno lisiloulizwa, na wenzake wakacheka. Twaungama mbele yenu kwamba tulimpa adhabu mara mbili, tukidhani ni kiburi. Mara ya tatu tulikwenda mpaka mezani pake, ndipo tukasikia harufu. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu utoto wake, na la kuume halikuwa zima sana. Wenzake walikuwa wamemsogeza polepole, benchi kwa benchi, hata akafika dirishani, na sisi wenye kufundisha hatukuona.

Hayo yalitukia mwezi wa kumi wa mwaka 2024, katika kijiji kimoja cha njia ya Kasenga. Mama yake ni mjane, auza makala kando ya barabara. Hakuwa mzembe. Alikuwa amemtilia mtoto mafuta ya mawese yenye moto, kisha maji ya majani, kisha vidonge alivyovisaga mwenyewe. Na jirani wakamwambia kwamba usaha utakauka wenyewe msichana akikua. Msichana alikua; usaha haukukauka.

Yafaa wazazi wajue jinsi ugonjwa huu unavyoanza. Mafua ya mtoto mdogo yaweza kupanda kutoka puani, kwa mfereji mwembamba, hata nyuma ya kile kiwambo cha sikio kitetemekacho kama ngozi ya ngoma. Usaha ukizidi hupasua kiwambo. Mara nyingi tundu hujiziba lenyewe. Lakini lisipoziba, maji ya kuoga na kila mafua huamsha usaha upya. Nyuma ya kiwambo mna mifupa mitatu midogo sana, ambayo wenye elimu huiita nyundo, fuawe na kikuku. Ugonjwa ukikawia waweza kuila, na mtoto huzidi kuwa kiziwi. Tena waweza kula mfupa ulio nyuma ya sikio, ukaufikia ubongo, na hapo si habari ya kusikia tena bali ya kufa. Basi usaha ukidumu majuma mawili msingoje zaidi. Mpelekeni mtoto kwenye kituo cha afya, ambako dawa ya matone, pamoja na kulikausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara nyingi hutosha bila kisu. Mafuta, majani na vidonge vya kusagwa visitiwe humo kamwe.

Kwa binti yetu tulikuwa tumechelewa. Muuguzi alimtuma Lubumbashi kwa mganga wa masikio, kwa maana waganga wa namna hiyo ni wachache katika nchi yetu, nao wakaa katika miji mikubwa. Yule alitueleza kwamba ataziba tundu kwa kipande cha utando kitwaliwacho juu ya msuli, karibu na sikio lenyewe, akitazama kwa hadubini. Kazi hiyo si jaribio la jana: Wajerumani wawili, Wullstein na Zöllner, waliieneza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisha akatupa karatasi ya bei. Mama aliitazama, akaikunja mara nne, akaifunga katika ncha ya kitenge chake. Bei ile ilipita faida aliyopata kwa makala mwaka mzima.

Dominika iliyofuata mwenyekiti wa baraza la parokia, mtu mwema asiye na hila, alishauri binti asimamishwe mbele ya altare baada ya Misa, ageuze kichwa, watu waone na kuhurumia. Sisi tulikubali. Mama alikataa. Alisema: “Mwalimu, mtoto wangu si mbuzi wa sokoni apapaswe na kila mtu.” Wengine walinung’unika kwamba maskini hachagui. Hata sisi tulikasirika kidogo, mpaka jioni tulipofungua Injili ya Marko, sura ya 7, penye habari ya yule kiziwi. Habari hiyo twaijua tangu seminari, na tumewafundisha watoto wengi. Ni watu waliomleta. Peke yake hakuja. Lakini Bwana, kabla ya kumgusa masikio, alimtenga kwanza na makutano. Usiku ule hatukulala vizuri.

Basi tulibadili njia. Jambo lilipelekwa katika jumuiya yetu ndogo, ambayo twaiita shirika, yenye nyumba 43. Binti hakutajwa kwa jina kanisani, ingawa kila mtu alijua. Ilipatanwa kwamba nyumba itoe franka 500 kila Dominika, na asiyekuwa nazo asiulizwe. Mtu mmoja alishika sanduku, wa pili ufunguo, wa tatu daftari, na kila juma hesabu ilisomwa kwa sauti. Dominika ya kwanza zilionekana franka 14.500. Bibi mmoja mzee alileta kikapu cha maharagwe, yakauzwa, yakaandikwa. Wanawake wa likelemba walifanya zaidi yetu sote: yule ambaye zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika alimwachia mama wa binti zamu hiyo, naye alikuwa na mabati ya kununua kabla ya mvua.

Msidhani kwamba yote yalikuwa ya amani. Ndugu mmoja alisimama akauliza: “Mwanangu alipovunjika mguu, mbona hamkupitisha sanduku?” Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia kwamba asema kweli, tukamwomba msamaha, na shirika likamchagua awe mwenye ufunguo. Hakukosa hata Dominika moja.

Kosa kubwa lilikuwa letu sisi tulioandika daftari. Tulihesabu bei ya kupasuliwa tu. Fedha zilipokaribia kutimia, mwenye ufunguo akauliza mama atakula nini huko mjini, maana katika hospitali zetu jamaa ndiye ampikiaye mgonjwa. Ndipo tukaona tuliyoyasahau: nauli ya lori kwa watu wawili, kipimo cha kusikia, dawa za baada ya kisu, bandeji, na safari za kurudi kukaguliwa. Twajua wagonjwa waliokwisha kupona, hasa akina mama waliojifungua, ambao huzuiliwa hospitalini kwa ajili ya deni. Mama alitaka kuuza shamba lake la mihogo ili tusikawie. Tulimsihi asiuze, kwa maana sikio likipona tumbo nalo litadai. Tukapitisha sanduku majuma saba mengine. Penye mutueli ya afya, wazazi waingie wakiwa wazima, maana haifai kuikumbuka siku ya kuugua.

Alipasuliwa baada ya Pasaka ya mwaka 2025. Alirudi juu ya lori, kichwa kimefungwa, na maagizo marefu: asitie maji sikioni, asipenge kamasi kwa nguvu, asichukue mzigo kichwani mpaka mganga atakaporuhusu. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kwa nyumba iishiyo kwa makala, na wavulana wa darasa la sita walibeba magunia kwa zamu. Siku ya kwanza shuleni alikwenda mwenyewe kwenye benchi lake la dirishani. Hatukumwambia neno. Baada ya mapumziko tulikuta wasichana wawili wameketi naye.

Katika ukaguzi wa kwanza sikio lilikuwa kavu. Kusikia kwake kulikuwa bado kupimwe katika safari ya pili, na jioni tulipofunga hesabu ya Dominika ile zilibaki sandukuni franka 9.000, ambazo si nauli ya watu wawili. Mwenye ufunguo alizihesabu mara mbili, akafunga, akatangaza kwamba sanduku litapita tena juma lijalo.