Mama Yake Yuko Wapi?

Sisi tunaonunua watoto wa mbwa barabarani ndio tunaowaua. Nasema sisi kwa sababu mimi pia nilinunua.

Ilikuwa foleni ya jioni, Waiyaki Way. Jamaa amekumbatia kijibwa cheupe, manyoya kama pamba, utepe mwekundu shingoni. "Boss, Japanese Spitz safi. Miezi miwili, chanjo zote. Bei tuongee." Tukaongea. Nikatuma M-Pesa, nikaenda zangu nikijiona mjanja. Niliuliza kama anabweka sana usiku. Sikuuliza mama yake yuko wapi.

Siku ya nne akakataa chakula. Ya tano akatapika, kisha akaanza kuhara damu, na harufu yake naijua hadi leo. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akaangalia meno, akasema huyu hajafika hata wiki sita. Ile kadi ya chanjo? Tarehe tatu kwa kalamu moja, bila stika ya chupa ya dawa, bila muhuri, bila jina la daktari. Parvo. Siku tatu za dripu zilinigharimu zaidi ya mara mbili ya bei ya mbwa. Akafa alfajiri.

Hapa ndipo tunapochezwa. Chanjo ya parvo si sindano moja. Huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mtoto afikishe wiki 16. Kinga anayopata kwa maziwa ya kwanza ya mama humlinda, lakini pia huizuia chanjo kushika, na kwa macho huwezi kujua itaisha lini. Kwa hivyo mtu akikwambia mtoto wa wiki nane amemaliza chanjo, anakupiga.

Jirani, kwa wema, akaniambia ninunue mwingine nisahau. Kumbe kirusi hicho hukaa kwenye udongo miezi mingi, pengine mwaka. Ningemleta wa pili kufia pale pale.

Najua utasema nini: "Lakini nilimhurumia, nilimwokoa." Hapana. Ulilipa. Ile nafasi uliyoiacha kwenye boksi inajazwa na mwingine, na mahali fulani kuna jike anayepandishwa kila akiingia joto, mara mbili kwa mwaka, bila kupumzika, mpaka aishe. Huruma yako haikumfikia yeye. Pesa yako ndiyo iliyofika.

Wengine watasema mfugaji wa maana ni wa matajiri wa Karen. Hili lina ukweli kidogo. Bei zao huchoma. Lakini hakuna aliyekulazimisha kuwa na Spitz. Nenda KSPCA uchukue chotara aliyekwisha kuchanjwa. Atakulinda, atakupenda, na kwenye picha atatokea vizuri tu, kama hiyo ndiyo shida. (Mara nyingi ndiyo shida.)

Ukiamua bado unataka mbwa wa ukoo, nenda mpaka nyumbani kwa mfugaji. Usikubali mkutane petroli stesheni. Mwone mama akiwa na watoto wake, uone kama anatikisa mkia au anajificha. Uliza amezaa mara ngapi. Piga simu kwa daktari aliyesaini kadi. Mtoto asiondoke kabla ya wiki nane. Na usikasirike mfugaji akikuhoji wewe: unaishi wapi, kepteka wa ploti anajua, mchana mbwa atabaki na nani? Yule asiyekuuliza chochote anauza nyanya.

Wiki iliyopita nilimwona jamaa mwingine kwenye makutano, kijibwa cha kahawia ndani ya jaketi. Nikashusha kioo.

"Mama yake yuko wapi?"

"Ushago, boss."

"Ushago wapi?"

Akanitazama kidogo, kisha akasogea kwa gari la nyuma. Kioo kilikuwa tayari kinashuka.