CHANJO YA RNA NA HOJA YA KUBADILISHA MAUMBILE

Ndugu zangu wa Kimuli na kwingineko, tangu chanjo ya Pfizer iletwe nchini mwaka 2021, wapo wanaoshika Suratun-Nisaa aya ya 119 na kusema RNA inabadilisha maumbile ya Allah. Mimi naona wanaiweka aya pasipo mahali pake.

Fikiria ubao wa madrasa. Kitabu kipo kabatini. Mwanafunzi ananakili somo ubaoni, analisoma, anafuta. Katika seli ya mwili DNA ndiyo kitabu, RNA ni ubao (nafananisha tu). Mwili wako unaandika na kufuta mbao hizo kila siku. Chanjo inaleta mbao zake zimefungwa ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta. Seli inazisoma, inatengeneza kipande cha kirusi ili kinga ikitambue, kisha zinafutika. Haziingii kabatini.

Sisi wa Kagera hatuna nafasi ya mzaha. Marburg iliua watu 6 Bukoba Vijijini mwaka 2023, ikazuka tena Biharamulo mwaka 2025, na haina chanjo iliyoidhinishwa. Ikipatikana kwa njia ya RNA, utamzuilia mwanao kwa aya gani?